Nyota Juu ya W

Picha ilionyeshwa kwenye taarifa ya habari ya jioni, watu wengi bondeni kwetu wakiwa mezani. Bunduki ya rashasha ilikuwa imelazwa juu ya blanketi, katika nchi ambayo sheria yetu hairuhusu iuziwe hata risasi moja. Mwandishi alieleza kwamba iliokotwa juu ya paa, mkabala na tangi la maji ambako watu kumi na mmoja waliuawa wakiwa kwenye foleni. Kisha kamera ikasogea. Ubavuni, juu kidogo ya kifyatulio, kulikuwa na nyota ndogo, na chini yake herufi W.

Mwandishi hakusema lolote kuhusu nyota hiyo, maana hakuijua. Wafua bunduki wa bonde letu la mto Meuse waliijua. Kabla taarifa haijafika kwenye michezo, simu ya mkaguzi Ghislaine Pirotte ilikuwa imeshaita mara kadhaa.

Katika kiwanda cha Crahay silaha haikutoka bila chapa ya mkaguzi. Kila mkaguzi alikuwa na muhuri wake wa chuma, mdogo kama kidole cha mwisho, wenye nyota na herufi moja, na aliugonga kwa nyundo pale aliporidhika. Muhuri ulirithiwa. Hakuna kanuni iliyosema hivyo, lakini mkaguzi akistaafu na ana mtoto kwenye benchi, mtoto alikabidhiwa muhuri siku ya Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wafua vyuma, mbele ya karakana nzima, kisha akawanunulia wote pombe. W ilikuwa ya Walthère, babake Ghislaine, kabla ya kumkabidhi binti yake. Ncha moja ya nyota ilikatika siku Walthère alipouangusha muhuri kwenye sakafu ya mawe, naye akakataa kutengenezewa mwingine. Ghislaine aligonga mara moja tu, wima, na chapa yake ilisomeka. Wengine waligonga mara mbili mbili, zikatoka kama madoa. Alijivunia hilo, wala hakuficha.

Rashasha ile iliuzwa kihalali. Mnunuzi alikuwa serikali ya nchi moja ya mbali, isiyo na hospitali za kutosha lakini yenye jeshi la kutosha, nayo ilitia saini ahadi kwamba silaha haitamfikia mtu mwingine. Kwamba serikali hiyo ilikuwa ikiwapa silaha wapiganaji wa nchi jirani, gazeti lolote lilikuwa limeandika. Waliotoa kibali hawakulazimika kusoma magazeti.

Siku mbili baada ya picha, waziri alisimamisha kibali cha oda mpya ya mnunuzi yuleyule. Oda hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima kwa watu mia sita.

“Umegonga vizuri mno, mama,” alisema Raskin wa karakana ya mitutu, akipita kantini na sahani yake ya matonge ya nyama na chipsi. “Ungekuwa mzembe kama sisi, leo tungekula kwa raha.”

“Wewe chapa yako hata mama yako haitambui,” alijibu Nunzia, aliyekaa benchi moja na Ghislaine tangu wote wawili wakiwa wasichana. “Pita huko, rojo linakumwagikia.”

“Nasema tu.”

“Umeshasema. Nenda.”

Mchana walikuja Fabrice Dethier, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, na Thonnard, mwanasheria wa kampuni. Kuwaona wawili hao upande mmoja wa meza si jambo la kila siku.

“Dada Ghislaine,” Fabrice alianza, “kamati ya bunge inakuita Alhamisi. Swali ni moja. Kama chapa ni yako.”

“Si wameiona wenyewe?”

“Wameona picha,” alisema Thonnard. “Kuna karakana huko milimani zinazoiga silaha zetu, chapa na kila kitu. Hilo ni kweli, ushahidi ninao. Hatukuombi udanganye. Sema tu huwezi kuwa na hakika. Waziri akisikia hivyo, kibali kinarudi.”

“Ncha imekatika.”

“Ncha ya nini?”

“Ya nyota. Chini, kulia. Kwenye picha inaonekana.”

Thonnard alifikiri kidogo. “Basi usiitaje ncha.”

“Watu mia sita, dada,” Fabrice alisema. “Na mtoto wa dada yako yuko kwenye mitutu. Umemsahau?”

“Nitamsahau vipi, kila Jumapili anamaliza sufuria yangu?”

“Sasa?”

“Nikisema si yangu, baba yangu atakuwa amegonga nini maisha yake yote? Na wale wa kwenye foleni ya maji, watakuwa wameuawa na bunduki ya nani?”

“Wameuawa na aliyefyatua, mama,” Thonnard alisema kwa upole.

Hakukosea.

Alhamisi Nunzia alimsindikiza kwa treni.

“Utasemaje?”

“Bado sijui.”

“Ukisema ni yako, shoga, tafuta na mahali pengine pa kununulia mkate.”

Kwenye ukumbi, picha ilikuzwa ukutani mpaka nyota ikawa kubwa kama sinia. Mwenyekiti alimpa muda aitazame. Ncha ya chini kulia haikuwepo. Pigo lilikuwa moja, wima.

“Ni yangu,” alisema. “Niliipima, ilikuwa nzuri, nikagonga.”

Mbunge mmoja kijana aliuliza kama alijua itakwenda wapi.

“Anwani huandikwa kwenye masanduku, bwana. Sisi hatufungi masanduku.”

Fabrice alitazama viatu vyake. Nunzia alifumba macho. Ndipo Thonnard akaomba nafasi ya kusema, akasimama, akatoa karatasi kutoka mfuko wa kushoto wa koti. Alikuwa amekuja na hotuba mbili.

Kampuni, alisema, inamshukuru mama Pirotte kwa ukweli wake. Sasa imethibitika kwamba silaha ni halisi, ilikaguliwa kikamilifu, na ilitoka kwa kibali halali. Kilichotokea baada ya hapo kilitokea nje ya uzio wa kiwanda. Mnunuzi, kwa upande wake, ameshaeleza kwamba rashasha hiyo iliibwa ghalani.

Kamati iliridhika. Kibali kilirudi kabla ya majira ya baridi, na Raskin alimnunulia Ghislaine bia. Pendekezo la kamati lilikuwa moja tu: kwa kuwa chapa ya mtu binafsi humwezesha mfanyakazi kutambuliwa na hata kusumbuliwa, iondolewe, ili faragha yake ilindwe. Badala yake mashine ya leza ingechora vitone ambavyo mashine ya kiwanda pekee ndiyo ingevisoma. Chama kiliunga mkono.

Siku ya Mtakatifu Eloi kulikuwa na keki ya wali na pombe kali ya mreteni, kama kila mwaka. Mihuri ilikusanywa kwenye bakuli, ikasagwa mmoja mmoja kwenye jiwe la kunolea. Ghislaine aliomba abaki na wake.

“Ningependa,” alisema Thonnard, “lakini kifaa kama hicho kikiwa nje ya geti kinaweza kutumika kughushi.”

“Basi niusage mwenyewe.”

Walimruhusu. Nyota ilikwisha kwanza, kisha W.

Sehemu ya kwanza ya oda iliondoka majira ya kuchipua. Mwishoni mwa kiangazi, Nunzia akiwa amekuja kwa Ghislaine kula, taarifa ya habari ilionyesha bunduki nyingine juu ya blanketi lingine. Safari hii lilikuwa soko. Kamera ilisogea, kwa mazoea labda, mpaka juu kidogo ya kifyatulio.

“Yako?” Nunzia aliuliza.

Ghislaine aliinuka, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Chuma kilikuwa safi, chenye mraba mdogo wa vitone tu.

“Sijui,” alisema.

Taarifa ikaendelea mpaka michezo. Simu haikuita.