Mlango wa Chumba cha Kufulia

Jumamosi moja ya Februari, saa tatu asubuhi, Waithera aliifunga kompyuta ya binti yake kwa leso, akaipakata kutoka Kariandusi hadi Nakuru, akaiweka juu ya meza ya fundi Kipkemoi.

Kipkemoi alikuwa amesoma na binti huyo, Jackie, katika chuo kimoja mjini. Walifunzwa kuunganisha nyumba: taa, kufuli na runinga, vyote viendeshwe na kompyuta moja. Kipkemoi alifungua duka. Jackie alikosa kazi, akaenda Ghuba kuwa mfanyakazi wa nyumbani. Simu yake ilinyamaza mwezi wa nne tangu aondoke. Huu ulikuwa wa kumi na tano.

"Nataka tu kuona video zake kwa TV," Waithera alisema. "Zile za birthday, na ile ya graduation."

Kipkemoi alimweleza kwamba kuna programu mbili, zote huria, yaani hazina mwenyewe na yeyote anaweza kuzitumia. Moja hupanga video na kuzionyesha kwenye runinga. Ya pili huendesha nyumba.

"Hii mashine imezeeka, mathe. Inabeba moja tu. Na diski imekula vumbi ya huko kwenu. Nikiandika programu saa hii, itakubali kuandikwa mara moja ingine, halafu basi."

Waithera alichagua ile ya video. Hakuwa na nyumba ya kuendesha. Alikuwa na balbu tatu.

Jioni, mumewe Gathogo alirudi kutoka machimbo ya udongo mweupe, mweupe mwenyewe hadi kwenye kope, wakaketi kutazama. Waliona birthday. Waliona graduation. Waliona Jackie akimkimbiza mbuzi wa jirani. Video ya mwisho ilikuwa na tarehe ya siku hiyo. Jackie alikuwa akipiga deki ngazi za marumaru katika nyumba wasiyoijua. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Hajakifunga vizuri," alisema Gathogo.

Walitazama mpaka mwisho, kisha wakala.

Tangu hapo video mpya ilikuja kila siku saa kumi na moja jioni. Akina mama wa kanisa walikuja na viti vyao, wakatazama, wakaomba, wakarudi kukamua ng'ombe. Polepole walijifunza nyumba ile. Jackie alilala katika chumba cha kufulia, kati ya mashine mbili. Kila siku saa nane mchana wenye nyumba walipumzika, naye alifungiwa humo, na taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kufuli. Mama mwenye nyumba alikuwa na sauti nyororo. Siku ya tisa walielewa kwamba mkono wa kushoto ulichomwa kwa pasi, kwa sababu siku hiyo ulichomwa wa kulia.

Waithera aliibeba kompyuta hadi kwa wakala aliyempeleka Jackie. Wakala aliitazama video yote bila kugusa simu yake.

"Picha iko clear sana," alisema. "Lakini haina stempu. Na mkataba unasema malalamiko yaletwe na mfanyakazi mwenyewe."

"Amefungiwa."

"Basi akifunguliwa, ayalete."

Kutoka hapo Waithera alienda moja kwa moja kwa Kipkemoi. Fundi alisimamisha picha kwenye ile taa nyekundu, akainama.

"Hiyo kufuli naijua. Hiyo inasikia ile programu ya pili."

Alichomeka flash yenye programu ya pili ili wajaribu. Orodha ikatokea kwenye skrini: Taa ya ngazi, imezimwa. Lango, limefungwa. Chumba cha kufulia: kufuli, imefungwa, mlango, umefungwa, mwendo, upo.

"Hii 'mwendo upo' ni nini?"

"Ni sensa, mathe. Inamaanisha kuna mtu ndani anatembea."

Waithera aliweka kidole juu ya neno hilo. Kipkemoi alieleza kwamba kutoka kwa flash wangeweza kusoma tu. Ili programu iamuru chochote lazima iandikwe kwenye diski, na hapo ile ya video ingefutika. Alijaribu kwenye kompyuta yake mpya pia, lakini ilionyesha taa na kufuli za duka lake tu.

"Za zamani nitakuhifadhia. Lakini za kila siku hautaziona tena. Utaweza kumfungulia, lakini hutamwona. Chagua wewe, mimi siwezi."

Nyumbani waligombana siku mbili, kwa sauti ya chini.

"Wacha ikae," Gathogo alisema. "Saa hii najua ako hai."

"Unajua anachomwa."

"Najua ako hai, Mama Jackie."

"Na yeye anajua nini? Anajua tumemsahau."

Siku ya pili, saa kumi na moja, Jackie alionekana ameketi sakafuni, uso wake umezama katika rundo la taulo. Hakutoa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika, kwa dakika kumi na nne. Ilipoisha, Gathogo aliinuka, akagusa kioo cha runinga pale kilipokuwa kichwa cha mtoto wake, akachomoa waya.

"Mpelekee Kipkemoi," alisema.

Jumatatu Gathogo hakwenda machimboni. Saa nane na nusu mchana, programu ya pili ikiwa imeshaandikwa kwenye diski, Waithera alibonyeza.

Kufuli: imefunguliwa.

Kwa dakika kumi na moja hakuna kilichobadilika. Kisha: Mlango: wazi. Waithera aliwasha taa ya ngazi, ingawa kulikuwa mchana, Jackie asije akateleza. Akafungua lango.

Mwendo: haupo.

"Ametoka," Gathogo alisema, akaketi sakafuni. Waliweka simu katikati yao, betri imejaa, wakangoja. Chai ilipoa. Simu haikulia jioni hiyo, wala asubuhi iliyofuata. Jumanne saa sita mchana maneno kwenye skrini yalibadilika moja baada ya jingine. Lango: limefungwa. Mlango: umefungwa. Kufuli: imefungwa.

Wakala alipiga simu Jumatano. Alikuwa mpole. Jackie alitembea hadi kituo cha mafuta, akaomba simu, wenye kituo wakaita polisi. Kwa kuwa pasipoti yake iko kwa mwajiri, polisi walimrudisha kwa mwajiri, ndivyo sheria ya huko inavyosema. Kwa sababu ya kutoroka, miaka miwili ya mkataba imeanza upya.

"Na tafadhali, mama, muache kufungua huo mlango. Mwenye nyumba analalamika. Amebadilisha betri za kufuli mara mbili tangu Jumatatu."

"Jackie ako aje?"

"Ako kazini."

Waithera hakuacha. Mwenye nyumba alinunua kufuli nyingine, nayo ikajitokeza kwenye orodha kwa jina lile lile. Kila siku saa nane na nusu Waithera hunawa mikono, huketi, hufungua kufuli, huwasha taa ya ngazi, hufungua lango. Akina mama wa kanisa sasa wameizoea saa hiyo, na hawaji kumwita.

Gathogo, ambaye siku hizi hurudi saa tisa, husimama mlangoni kabla ya kujipangusa vumbi.

"Mlango umesukumwa?"

"Bado."

"Na mwendo?"

"Upo."

Huingia, akaketi kando yake, wakasoma pamoja. Mwendo upo, kutoka ukuta hadi ukuta, wakati mwingine hadi karibu kabisa na mlango. Kufuli hukaa wazi mpaka saa kumi, watu wa nyumba ile wanapoamka, halafu hufungwa kutoka upande wa pili.