Lugha Iliyotoka Jikoni

Nimelea watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja. Nimewaogesha, nimewalisha, nimewafuta kamasi, na leo wengine ni wakurugenzi wanaonipita na magari yao bila hata kunipungia mkono. Sina kinyongo. Nilipofika miaka hamsini na minne nikajiandikisha chuo, masomo ya jioni. Mume wangu, fundi viatu, alicheka mpaka akadondosha nyundo. Kisha akanishonea mkoba wa vitabu.

Nilifaulu masomo yote isipokuwa moja: historia ya Kiingereza. Mkufunzi wake tulimwita Bwana Ushahidi, maana hakuna sentensi aliyoiacha ipite bila kuuliza ushahidi uko wapi. Insha yangu ya kurasa ishirini aliipa sifuri, na pembeni akaandika: "Hadithi za yaya."

Yaya ndiye mimi, kwa hiyo halikuniuma hilo. Kilichoniuma ni uvivu wake wa kusoma. Nikakata rufaa, huku nikijua nikishindwa naondoka bila cheti, maana somo lile nilisharudia na chuo hakiruhusu mara ya tatu.

Siku ya rufaa tulikuwa watatu chumbani: mimi, yeye, na mkuu wa idara, mama wa makamo asiye na haraka.

"Haya mama, insha yako inasema nini? Kwa ufupi," mkuu wa idara akaniambia.

Nikaanza. "Karibu miaka elfu moja iliyopita, watu waliosema Kifaransa waliiteka Uingereza. Kwa vizazi kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama. Kiingereza kikabaki shambani na jikoni. Baadaye kikapanda tena mpaka ikulu. Mimi nauliza nani alikipandisha, na nasema mayaya wamo."

"Ushahidi uko wapi?" Nilijua tu.

"Ukurasa wa kumi na moja, ambao hukuugusa. Ilifika mahali mabwana wale wakawa wanaandikiwa vitabu vya kuwafundishia watoto wao Kifaransa. Mtoto gani hutafutiwa kitabu cha lugha anayoijua?"

Mkuu wa idara akaufungua ukurasa huo, akausoma wote.

"Hiyo inaonyesha Kifaransa kiliwapotea," Bwana Ushahidi akasema. "Haionyeshi Kiingereza walikipata kutoka kwa nani. Labda kwa farasi wao!"

"Farasi hawaongei, mkufunzi."

Mkuu wa idara akajikohoza kuficha kicheko. Mimi sikucheka, hasira zilikuwa zimenipanda.

"Majina ya mayaya hayakuandikwa popote, nakubali. Nani angeyaandika? Lakini jambo lenyewe nitakuonyesha humu humu. Wewe ulilelewa na nani?"

"Hilo halihusiani."

"Mjibu," akasema mkuu wa idara.

"Na yaya. Wazazi walikuwa kazini."

"Nyumbani mliongea nini?"

"Kiingereza tu. Amri ya baba."

"Na ukijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda, unalia kwa lugha gani?"

Akavua miwani na kuifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ya yaya wangu," akasema. "Baba hakuijua hata neno moja. Mpaka leo nikipanda ngazi, nazihesabu kwa lugha yake."

Kisha akaivuta insha yangu, akaikata ile sifuri kwa mkono wake mwenyewe, akaandika sabini na nane na kutia sahihi. Furaha ilinijaa.

"Aliitwa nani, huyo yaya wako?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Tulimwita yaya tu."

Mkuu wa idara akamsogezea fomu ya cheti. "Andika jina kamili la mama huyu."

Nikalitaja lote, la kwangu, la baba na la babu, polepole, herufi kwa herufi. Akaliandika.