Mtuhumiwa Ameonekana na Begi

Kazi yangu ni sauti. Ukisikia redioni mwanamke anakuhakikishia kwamba rangi fulani ya ukuta haipauki, au sabuni fulani haichubui mikono, huenda ni mimi, na ukuta wangu mwenyewe umepauka mpaka aibu. Nina sauti ya kuaminika. Nimekula mkate wa sauti hiyo miaka mingi, na leo naichukia.

Ukurasa wetu wa vichekesho mtandaoni, mimi na watu wa nyumbani, tuliuanzisha kwa hasira. Kila kilipolipuka kitu popote duniani, runinga ilitoa picha ile ile: safu ya migongo ya watu waliosujudu, kisha viatu vilivyopangwa mlangoni mwa msikiti. Hata ukilipuka mtungi wa gesi wa mama lishe, viatu vile vilionyeshwa. Siku moja Mama alikodoa macho akasema, "Hebu tazameni, zile ndara si za baba yenu? Marehemu kapumzika zamani, ndara zake bado zinatafutwa na polisi!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikaisha na picha ikabaki pale pale, nami nikashikwa na ghadhabu ambayo haikuwa na pa kwenda.

Nikachukua simu nikamrekodi Mama sokoni, nikamsomea habari yake kwa sauti ile nzito ya taarifa: "Mwanamke aliyejifunika kichwa ameonekana leo akinunua vitunguu. Haijafahamika vitunguu hivyo vimekusudiwa nini. Wataalamu wanahofia mchuzi." Nikaweka na utepe mwekundu chini, na ngoma za taarifa ya habari, du-du-dum. Nikaitupa mtandaoni.

Watu waliichangamkia kama mvua baada ya kiangazi. Wenzetu wakaanza kujisalimisha kwenye maoni: "Na mimi nilinunua nyanya, nakuja kituoni mwenyewe." "Mume wangu ameoga alfajiri, nimpigie nani simu?" Majirani wa dini nyingine nao wakaingia, wakacheka pamoja nasi, na kwa muda nikaamini kwamba tumepata dawa. Mtu mmoja aliandika: "Sikujua kumbe na ninyi huwa mnacheka." Aliandika kwa nia njema kabisa. Maneno yake yaliniuma kuliko matusi yote.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu. Baba alipofariki, yeye aliacha shule akaenda kujifunza ufundi wa majokofu ili mimi niendelee kusoma. Hospitali kuu ilimchukua akiwa kijana, na tangu hapo majokofu yote ya dawa, chanjo na damu yamekuwa mikononi mwake. Anatembea na kitambulisho kifuani, kile kinachomfungulia milango ambayo hata baadhi ya madaktari hawafunguliwi. Hana makuu. Kitambulisho kile ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikifuta vumbi.

Nilimtaka kwenye video.

"Kaka, una ndevu, una begi, na ndani ya begi una nyaya. Mungu akupe nini tena?"

"Na kazi yangu je, mdogo wangu?"

"Nani atakayedhani ni kweli? Watu watacheka tu."

Akakuna ndevu zake. "Haya. Lakini mimi kuigiza sijui."

"Usiigize. Nenda kazini kama siku zote."

Hakuwahi kuninyima kitu tangu utotoni. Nilijua hivyo nilipomwomba.

Mama ndiye aliyeshika simu, na kidole chake kinaonekana kwenye kona tangu mwanzo mpaka mwisho. Kaka anatoka nyumbani na begi. Sauti yangu inasema: "Mtuhumiwa huamka kabla ya jua. Huosha mikono na miguu kwa utaratibu unaotia shaka. Hukutana na wenzake katika jengo lisilo na viti, ambamo husimama bega kwa bega wakinong'ona." Anavuka barabara. "Ndani ya begi lake kuna nyaya, bomba na mtungi mdogo." Anafika mlango wa nyuma wa hospitali, anaangalia kushoto na kulia kwa sababu pale hupita magari ya wagonjwa, anagusisha kitambulisho, mlango unafunguka. "Sasa ameingia." Ngoma, du-du-dum. Kisha picha inahamia jikoni kwetu. Kaka amepiga magoti mbele ya jokofu la Mama, anainua uso na kusema kwa uchovu wa fundi wa kweli: "Mama, jokofu lako halina ugonjwa wowote. Hukulichomeka."

Kosa langu lilikuwa pale, na ni kosa la watu wa matangazo. Tunafundishwa hivi: jina la sabuni liweke mwishoni, ndilo litakalobaki masikioni. Nikauweka utani wote mwishoni. Sikujiuliza itakuwaje mkia ukikatwa.

Ukakatwa. Sijui ni nani. Mtandaoni mkasi anao kila mtu. Video ikaanza kuzunguka kwenye makundi ya wazazi, ya wafanyabiashara, ya watu wanaoogopa kila kitu, ikiishia pale penye "Sasa ameingia." Kisha kituo kimoja cha runinga kikafanya mjadala juu ya usalama wa hospitali, na katikati ya mjadala kikairusha. Uso wa kaka yangu, mlango wa hospitali na sauti yangu ya sabuni.

Asubuhi yake mkuu wa walinzi wa hospitali alimvua kitambulisho. Alikuwa mtu wa adabu, Kaka mwenyewe alisema. Alimwambia, "Fundi, sisi tunakujua. Ni kwa muda tu, mpaka upepo upite." Kaka akarudi nyumbani na begi lake, akakaa sebuleni na viatu miguuni kama mgeni.

Jirani yetu, mwanamke tuliyeazimana naye chumvi miaka nenda miaka rudi, alimwambia Mama dirishani, "Lakini shoga, lisemwalo lipo."

"Na kama halipo, laja," Mama akamalizia, akafunga dirisha. Kisha akanigeukia mimi, na sijawahi kumwona na uso ule. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini wewe umejichoma kwa mguu wa mwenzio."

Nilikwenda kwenye kituo kile cha runinga. Mhariri alinipokea vizuri, chai na biskuti, kiti cha kuzunguka. Nilimwonyesha video nzima. Alipofika kwenye jokofu alicheka, alicheka kweli, akajipangusa macho.

"Dada, una kipaji! Kwa nini hukuja kwetu zamani?"

"Nimekuja sasa. Mmemwita kaka yangu mtuhumiwa mbele ya nchi nzima."

"Hapana, dada. Tusikilizane." Alirudisha video nyuma, akaongeza sauti. *Mtuhumiwa huamka kabla ya jua.* "Hiyo ni sauti ya nani? Sisi hatujasema neno. Imetufikia hivyo, tukairusha hivyo."

Nilitaka kumrushia chai. Badala yake nikaanza kubembeleza, nami kubembeleza najua, ni kazi yangu. Akaniambia nije kwenye kipindi chao cha burudani. Ningeanza kwa kulaani ugaidi, kidogo tu, watu watulie, halafu nichekeshe.

"Wageni wenu wengine huanza kwa kulaani nini?" nikauliza.

Hakunielewa, na nikaona hakutaka kunielewa. Nikakataa kipindi, nikamng'ang'ania jambo moja: masahihisho, kwenye taarifa ya habari ya mchana, siyo kwenye tovuti yao ambako hakuna aingiaye. Nikamtajia mwanasheria ambaye sina. Mwishowe akakubali. Nilishuka ngazi zao nikijiona nimeshinda vita.

Hospitali iliposikia kwamba masahihisho yatatangazwa, ilimrudishia Kaka kitambulisho. Sharti likawa moja: atembee na mlinzi, na begi lifunguliwe kila mlango. Mlinzi mwenyewe alikuwa mtu ambaye Kaka aliwahi kumtengenezea jokofu la nyumbani bure. Usiku wa kuamkia siku ya kurudi kazini Kaka alinyoa ndevu. Hakuna aliyemwambia anyoe. "Nimeona tu iwe rahisi," alisema, na Mama akaingia chumbani akalia.

Siku ya masahihisho nilikwenda hospitali. Nilitaka nimwone anavyosafishwa jina, nilitaka awepo shahidi. Kaka alikuwa kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, amechuchumaa akitengeneza mashine ya maji ya kunywa, mlinzi kasimama pembeni yake. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu. Runinga ilining'inia ukutani juu yao. Nilikaa, nikasubiri.

Habari zikaanza. Midomo ya msomaji ilikuwa inacheza, lakini sikusikia kitu. Nikadhani ni kelele za watu. Kisha nikaelewa: runinga ile haikuwa na sauti. Wauguzi huizima ili majina ya wagonjwa yasikike yanapoitwa.

Na ili kusahihisha walichoonyesha, wakakionyesha tena. Kaka anatoka na begi. Kaka anaangalia kushoto na kulia. Mlango unafunguka. Wakasimamisha picha kwenye uso wake, uso mkubwa umejaa kioo, na msomaji akaendelea kusema, bila shaka maneno mazuri, bila shaka "tunaomba radhi", na hakuna aliyemsikia. Jokofu la Mama hawakulionyesha.

Mzee mmoja aliitazama runinga, akamtazama mtu aliyechuchumaa kwenye mashine ya maji, begi la nyaya likiwa wazi miguuni pake. Kunyoa hakukusaidia kitu. Mwanamke aliyekaa karibu akambeba mwanawe akahama benchi. Benchi la pili likanyanyuka lote.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. "Ni masahihisho!" nikapaza sauti. "Wanaomba radhi! Ilikuwa mzaha, sikilizeni, ilikuwa ni mzaha!" Nilichokuwa nacho ni sauti, nikaitoa yote. Ukumbi ukawaona watu wawili sasa: mwanamume mwenye nyaya, na mwanamke mwenye hijabu anayepiga kelele katikati ya hospitali. Mtoto akaanza kulia. Mtu akapiga mayowe, watu wakakimbilia mlangoni wakisukumana, na walinzi wengine wakaja mbio, siyo kwa Kaka, kwangu.

Wawili walinishika mikono. Kaka akainuka taratibu, viganja vyake vikiwa wazi mbele ya kifua, kama aliyeshazoea. Akaja mpaka mbele yao.

"Mwachieni, tafadhali. Ni dada yangu," akasema. "Kazi yake ni kuchekesha watu."

Kisha akajivua kitambulisho mwenyewe, akamkabidhi mlinzi wake, akainama kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja.