Kwaresima ya Datius

Mume wangu Datius aliacha sigara kila Kwaresima, na kila Pasaka akairudia. Miaka yote ya ndoa yetu hapa Buganguzi ilikuwa hivyo. Siku arobaini ananuna na kugombana hata na mbuzi, halafu tukitoka Misa ya Pasaka kaka yake mkubwa, Ta Ishengoma, anamletea pakiti mpya ya kufungulia. Wote wanacheka. Mimi nabaki nafua shuka lenye makohozi.

Mwaka ule kijiji chetu kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, kifua kilimkaba mpaka tukapanda basi kwenda hospitali Bukoba. Duka la ushirika halikuwa na sukari wala sabuni, lakini sigara, mawe, mama yangu! hazikukosekana hata siku moja.

Daktari alikuwa kijana wa Nyanga, anaitwa Mujuni. Alimpima mapafu, akamuuliza amejaribu kuacha kwa njia gani. Datius akaeleza: dawa ya mizizi, nadhiri, Kwaresima.

"Kwaresima nzima hugusi?"

"Sigusi, waitu," akajibu kwa heshima.

"Basi mzee, mwili wako unaweza. Wiki za kwanza ndizo ngumu, na wewe unazivuka kila mwaka. Kosa lako unaacha kama mtu aliyefunga. Aliyefunga hungoja kufungulia."

Akamwambia mambo yaliyokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wengi. Asibakize hata kipisi nyumbani. Hamu ikija atafune kitu na kuingoja, itapita yenyewe. Akiteleza aanze tena. Zaidi ya yote, awaambie anaokaa nao kwamba ameacha moja kwa moja, wasimpe. Asipoacha, pumzi aliyobakiwa nayo ni ndogo.

Datius akaacha Jumatano ya Majivu. Alitafuna akamwani, kahawa yetu ya wageni, mpaka ile ya akiba ikaisha. Mwili ulitii. Lakini kumwambia Ta Ishengoma hakuthubutu.

"Zawadi ya mkubwa nitaikataaje? Atasema natawaliwa na mke."

"Basi kufa," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka. Kumuuguza mtu anayemwogopa kaka yake kuliko kaburi kunachosha, asikudanganye mtu.

Pasaka ikafika. Ta Ishengoma akaja na kibuyu cha lubisi, na watu walipokwisha kuonja pombe akatoa pakiti mbele ya wote. Datius akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikajua yamekwisha. Nikaendelea kupakua ndizi, maana wageni lazima wale.

"Washa basi, tuone moshi!" mtu akasema.

Datius akainuka, akaiweka pakiti mapajani mwa kaka yake.

"Nimeipokea, kaka, asante. Lakini sivuti tena. Si leo tu, sivuti kabisa."

Watu wakaguna. Ta Ishengoma akanigeukia. "Clotilda, umemlisha nini ndugu yangu?" Wala hakuwa anatania.

Nilifungua mdomo nimpe yale niliyoyameza miaka yote, Datius akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Tata aliyetuzaa alikufa ameketi," akamwambia kaka yake. "Hakuweza kulala, pumzi ilikataa. Ni wewe uliyemwegemeza kifuani mpaka asubuhi. Mimi nataka nife nimelala, kaka."

Ta Ishengoma akachukua pakiti yake, akatoka, akaenda kusimama kwenye migomba nyuma ya jiko. Ndani tukasikia kiberiti, halafu tukamsikia akikohoa, kikohozi kirefu, kinavuta na kukwama, na wazee wote mle ndani wakatazama chini. Kilikuwa kikohozi cha baba yao.

Datius akataka kumfuata. Nikamwambia akae, asiende kwenye moshi. Nikachota maji, nikampelekea shemeji mimi mwenyewe.