Sahihi ya Mdogo Wangu

Mara tano daktari alikuwa amenitanua umio kwa puto, na mara tano ukarudi kubana. Asidi ya tumbo ilikuwa imeuunguza kwa miaka mingi, ukabaki na kovu gumu. Tonge la ugali lilikuwa linakwama kifuani, nami nasimama kama mlingoti nikisubiri lishuke.

Daktari akatuketisha, mimi na mdogo wangu mwenye saluni.

"Njia zimebaki mbili," akasema. "Tuendelee na puto, safari hii pamoja na sindano ya dawa kwenye kovu lenyewe. Utarudi kila baada ya wiki mbili, labda kwa miezi minne. Au niweke mrija wa waya, ushikilie njia kwa wiki nane. Safari zitapungua, lakini mrija unaweza kukuumiza kifua, hata kuteleza, na asidi ikapanda."

"Yaani puto ni kibarua, mrija ni ajira," mdogo wangu akasema. Daktari akacheka.

Mimi ni fundi wa makochi. Kutwa nzima nimeinama juu ya sponji na misumari. Kifua kikiuma, kazi sina. Tukafunga na kuomba siku tatu, sisi wawili. Siku ya nne nikasema, "Puto."

"Amina, dada," akaitikia.

Alhamisi akanisindikiza, kwa sababu ukichomwa dawa ya usingizi huruhusiwi kutoka peke yako. Nilipoamka, kifua kilikuwa kizito kana kwamba mtu amekikalia.

"Mrija umekaa vizuri, mama," muuguzi akasema.

"Mrija gani?"

Akafungua faili. "Ndugu yako alitufuata ukiwa umeshalala," akaeleza. "Alisema umebadili mawazo." Chini ya karatasi niliiona sahihi ya mdogo wangu, yenye mkia mrefu.

Mdogo wangu akaniletea maji. Nikanywa. Yalishuka moja kwa moja, bila kukwama.

"Unaona?" akasema. "Niliomba, dada. Mungu akanionyesha mrija."

"Lini?"

"Asubuhi, pale kwenye benchi."

"Pale kwenye benchi nilikuwa nimekushika mkono. Mbona hukuniambia?"

Akatazama viatu vyake.

"Miezi minne mingine, dada? Kila nikifunga saluni, wateja wanahamia kwa jirani. Nimechoka."

"Ungesema umechoka, ningetafuta mtu mwingine. Choka, mdogo wangu, kuchoka si dhambi. Lakini usimsingizie Mungu."

Daktari alipokuja, aliniomba radhi. Alikiri kwamba alipaswa kungoja niamke aniulize mimi mwenyewe. Kisha akasema, "Umeshaanza kumeza vizuri. Tunaweza kuuacha, au tuutoe wiki ijayo turudi kwenye puto. Sasa sema wewe."

Nikajaribu kuinama kidogo, kama ninavyoinama kazini. Maumivu yakanipanda mpaka kwenye bega.

"Utoeni."

"Atakuleta nani?"

"Mimi," mdogo wangu akasema haraka.

"Andika fundi mwenzangu wa karakana," nikamwambia daktari. "Na jambo la kuniuliza, niulizeni nikiwa macho."

Nyumbani nilipiga magoti kama kawaida. Nikawaombea wagonjwa, nikamwombea daktari, hata muuguzi. Nilipofika kwa mdogo wangu, ulimi ukagoma. Sikuwa nimemsamehe, na sikutaka kusema uongo kwenye sala.