Uwanja wa Kuvuka

"Mwanangu hafukuzwi shule kwa sababu ya kunitii mimi," mama akasema, na kiti alichoonyeshwa hakukikalia.

Mwalimu mkuu akamjibu kwamba hakuna aliyefukuzwa. Binti atakaa nyumbani mpaka akubali kufuata zoezi kama wenzake, basi. Mama akamwambia kwamba huko ndiko kufukuzwa kwenyewe. Alikuwa ameacha gauni la bibi harusi kwenye cherehani likiwa na mkono mmoja, na hakuja kubembelezwa. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlangoni. Binti akikosa masomo sasa, sekondari ataisikia kwa wenzake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Muhula uliopita risasi zilirindima sokoni na moja ikatoboa ukuta wa choo cha shule. Tangu hapo watoto walifundishwa: kengele ikigongwa mfululizo, kila darasa linalala sakafuni palepale lilipo, na mlango unafungwa kwa komeo. Jana, katikati ya zoezi, binti alimponyoka mwalimu wake, akakata uwanja mbio hadi darasa la kwanza na kumlalia mdogo wake, Kitinda. Wengine wakamiminika nyuma yake. Na uwanja ule uko wazi kabisa. Anayepita barabarani anaona hata rangi ya soksi.

"Kila nyumba hapa inamwambia mkubwa asirudi bila mdogo wake," mwalimu mkuu alisema, sasa kwa upole. "Siku ya risasi walivuka vilevile. Tuliponea chupuchupu, mama. Mwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

Amri ile ilikuwa ya mama mwenyewe. Aliitoa kila asubuhi huku akimfunga Kitinda vifungo. Binti akaitwa. Mama akamwambia moja kwa moja kwamba kengele ikilia alale pale alipo, Kitinda ana mwalimu wake.

"Sawa, mama," binti akasema, macho kwenye viatu.

Mama aliijua sawa hiyo. Ilikuwa sawa ya vyombo vitakavyooshwa baadaye.

"Hebu nitazame. Kweli utamwacha?"

"Wewe ungemwacha?"

Mwalimu mkuu akafungua mdomo amkaripie. Mama akamzuia kwa mkono.

"Mwache, mwalimu. Hata nikimchapa mpaka kesho, atavuka tu. Sasa tumwondolee huo uwanja."

Akatoka barazani, wao nyuma. Darasa la nne lilipakana na la kwanza, na kwenye ukuta uliotenganisha vyumba hivyo kulikuwa na mlango uliozibwa na kabati la ramani. La saba lihamie hapo, alisema, la nne liende ng'ambo ya uwanja. Mwalimu mkuu akauliza, na wenye wadogo madarasa mengine je? Hao wafikiriwe kesho, mama akasema, leo wafanye linalowezekana. Mwalimu hakukata tamaa. Watahiniwa aliwaweka mbali makusudi, wapate utulivu. Hapa watasikia a, e, i, o, u kutwa nzima, na watafeli.

"Afadhali nimgombeze kwa kufeli kuliko nimsifu kaburini."

Mwalimu mkuu akajikuna kidevu. Akamtazama binti, akautazama uwanja. Mwishowe akakubali, ila akasema lazima kwanza kamati ya shule ikae wiki ijayo. Mama akamuuliza kama wenye bunduki nao wamealikwa kwenye kikao hicho, akaingia ndani na kushika kabati upande mmoja. Mwalimu mkuu akacheka bila kupenda, akavua koti, akashika upande wa pili. Kabati likakwaruza sakafu, mlango ukaonekana, ukagoma, ukapigwa bega, ukafunguka.

Darasa la saba likaanza kuvuka uwanja na madawati yake, taratibu, mchana kweupe. Kitinda akachungulia mlangoni.

"Dada, umerudishwa darasa la kwanza?"

"Sogea, nipishe," dada yake akamwambia, akatua dawati lake kando ya mlango.