Mwambie Mama Jeni

Urbano hakuwa mtu wa fujo. Tuanze hapo, maana ndipo kila mtu wa Issuna alipoanzia mkewe Felista alipotangaza kwamba anataka talaka. Hampigi. Pombe anakunywa na wazee wenzake na kurudi nyumbani giza halijaingia. Watoto kawasomesha, nyumba ya bati kajenga. Sasa huyu mama Jeni anataka nini, aletewe malaika?

Alichotaka mama Jeni ni kusemeshwa.

Urbano alikuwa na ugonjwa wa kununa. Walipooana alikuwa akinuna siku mbili tatu, kisha anasahau mwenyewe alichonunia, na Felista anacheka. Miaka ilivyokwenda kununa nako kukarefuka. Huku kwa mwisho kulianza msimu ule alipokwenda Itigi kumuuguza kaka yake, mvua ikawahi, na Felista akakodi trekta akalima shamba la alizeti bila kumsubiri. Alizeti ikastawi mno, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Watu walimsifu mke mbele ya mume. Jioni hiyo Urbano alikula ugali wake, akanawa, akamgeukia mama yake mzazi, bibi Theodora, aliyekuwa akiishi nao, akasema, "Mama, mwambie mama Jeni mimi si mgeni kwenye nyumba hii."

Felista alikuwa ameketi hapo hapo, bakuli la mlenda mkononi.

Tangu siku hiyo alizeti ilivunwa, ikapandwa, ikavunwa tena, na Urbano hakumwelekezea mkewe neno hata moja. Kila kitu kilipita kwa bibi Theodora. Mama, mwambie mama Jeni chai haina sukari. Mama, mwambie mama Jeni kuna msiba kwa Antipasi. Bibi, ambaye meno yalikuwa yameshamtoka karibu yote, aligeuza kichwa upande wa pili wa mkeka na kurudia: "Anasema chai haina sukari." Felista naye alijibu kwa njia hiyo hiyo, kwanza kwa hasira, halafu kwa mazoea. Wageni walidhani ni utani wa familia, wakacheka na kuomba waongezewe chai.

Utani uliisha siku moja sokoni. Felista alikuwa akiuza vitunguu, mteja akamwuliza bei, naye akajikuta amegeuza shingo kumtafuta mtu wa kumjibia. Hakukuwa na mtu pembeni, isipokuwa gunia. Mteja alimtazama kwa wasiwasi, akaenda kwa muuzaji mwingine. Felista alibaki pale na mizani yake, amepata hofu ya kweli. Aliona kwamba akikaa kwenye ile nyumba msimu mwingine, sauti yake itamwishia mdomoni.

Shida yake ni kwamba alikuwa ameshasusa mara mbili, na mara zote mbili alirudishwa. Alikwenda kwao Kintinku, kwa kaka yake Raymond, na begi la nguo. Urbano akatuma wazee, wazee wakaja na mbuzi, wakaongea na Raymond, Felista akapandishwa basi. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kurudi, na kwa desturi ya watu wale hakukuwa na haja ya kumwuliza, kwa kuwa jibu alikuwa ameliacha jikoni. Mwanamke akiolewa anakuja na jiwe dogo la mkononi, la kusagia, kutoka kwa mama yake. Lile kubwa la chini ni la mji anakoolewa. Dogo ni lake. Akiondoka na nguo tu, amekasirika, afuatwe. Akiondoka na jiwe, hafuatwi na mtu. Siku hizi unga unasagwa mashineni, na mabinti wanaolewa na majiko ya gesi, lakini hili la jiwe wazee hawajalilegeza.

"Si ungebeba jiwe lako?" Raymond alimwambia mara ile ya pili, huku akimfunga mbuzi wa watu kwenye mti. "Wamekuja wananiambia jiwe lipo jikoni. Mimi ningesemaje, dada yangu?"

Felista aliokota begi lake. Angemwambia kwamba asubuhi aliyoondoka alikuwa amelitia jiwe kwenye begi, akalifunika na khanga, kisha akalitoa tena? Bibi Theodora hakuweza kula mboga bila karanga zilizosagwa zikalainika kabisa, na mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu za kusaga. Urbano hakuwahi kupiga goti mbele ya jiwe tangu azaliwe. Jiwe likiondoka, bibi atakula nini?

Safari hii, basi, Felista hakukimbia. Alijiandaa. Alikodi chumba nyuma ya soko, akapeleka vitu kidogo kidogo: sufuria leo, ndoo kesho, godoro siku ya gulio watu wakiwa wengi. Fundi alimtengenezea kitanda. Alikwenda kuuliza ofisi ya kata, akaelezwa kwamba mahakama haitamsikiliza mpaka baraza la usuluhishi lishindwe kuwapatanisha. Akapeleka shauri lake. Kila alipopata nafasi alikwenda kile chumba, akafunga mlango, akaketi kitandani akazungumza kwa sauti. Alijisalimia. Alijiuliza habari za shamba na kujijibu. Alijizoeza kusema "nataka" huku akitazama mbele. Mara za kwanza aliona aibu, akajicheka; baadaye akawa anatamani kufika.

Watoto aliwapigia simu. Jenipher, aliyekuwa akisomea uuguzi Dodoma, alimwambia, "Mama, ulikuwa unasubiri nini?" Innocent, wa bweni kule Kiomboi, alitoka kwanza nje ya bweni.

"Likizo nitalala wapi?" kijana akauliza.

"Popote unapotaka. Kwa baba yako ni kwenu, na kwangu kuna nafasi."

"Na bibi je?"

Felista akamwambia asome kwa bidii, akakata simu, akalia. Alimlilia mama mkwe, mume hakupata hata tone.

Baraza liliwasikiliza mara ya kwanza likaahirisha. Mwenyekiti, mzee Lazaro, alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaishe upesi.

"Anakupiga?"

"Hapana, mzee."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

"Ana nyumba ndogo?"

"Sijui. Hajaniambia kitu."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Lazaro alifuta miwani yake. "Mama, kununa si kosa. Mimi mwenyewe hununa. Nendeni mkazungumze."

Wakaenda, hawakuzungumza, wakarudi. Baraza likaahirisha tena, na safari hii Winfrida, mjumbe mwanamke aliyekuwa akisuka ukili muda wote, akashauri bibi Theodora aitwe naye, maana ndiye anayelala nao chini ya bati moja.

Bibi alikuja amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Aliketi benchi la mashahidi, karibu na dirisha. Felista alimwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba bila kumtazama. Kumbe na huyu amenikasirikia, Felista aliwaza, basi nitatoka hapa mikono mitupu pande zote.

Mzee Lazaro aliamua kumaliza mambo. "Bwana Urbano, unamtaka mkeo?"

"Namtaka."

"Vizuri. Simama, mgeukie, mwambie arudi nyumbani. Yaishe, kila mtu akalime."

Felista alishika ukingo wa kiti. Kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu, hata Jenipher. Kama Urbano angemgeukia pale, akamtaja jina, akamwambia twende, pengine angekwenda. Angeacha chumba, kitanda na maandalizi yote, kwa neno moja tu. Alijichukia kwa hilo, lakini ndivyo alivyokuwa, na alilisubiri neno hilo kwa hofu na kwa hamu.

Urbano alisimama. Alikohoa, akavuta koti lake likae sawa. Alitazama ukuta, akatazama kalenda iliyokuwa ukutani. Kisha akageuka, akampita Felista kwa macho, akafika benchi la mashahidi.

"Mama," akasema, "mwambie mama Jeni arudi nyumbani."

Winfrida aliacha kusuka. Bibi Theodora hakugeuza kichwa. Alitazama mikono yake.

"Mama," Urbano akapaza sauti, kama mtu aliyekatikiwa na mtandao. "Mwambie!"

Bibi alisimama taratibu. Alianza kwa Kinyaturu, maneno machache makali yaliyomfanya mzee Lazaro ainamishe uso, kisha akarudia kwa Kiswahili ili baraza zima lisikie.

"Wazee, mimi nimekuwa simu ya watu hawa tangu ile alizeti ya trekta. Hata simu huchajiwa. Mimi hakuna aliyenichaji." Wachache walicheka, wakanyamaza walipoona yeye hacheki. Akamtazama mwanawe. "Urbano. Yule pale. Ana masikio. Mwambie mwenyewe."

Urbano alifungua mdomo. Kila mtu aliona anajaribu, na Felista ndiye aliyeona zaidi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, midomo ikachezacheza, na kwa mara ya kwanza katika misimu yote ile alimwonea huruma mtu huyu aliyejifungia ndani ya kununa kwake mpaka ufunguo ukampotea. Alimsubiri. Mzee Lazaro naye alimsubiri, kwa haki kabisa, hata jogoo wa jirani akawika na kunyamaza. Urbano akaketi.

"Usuluhishi umeshindikana," mwenyekiti akasema polepole, akavuta kalamu.

Felista alikuwa amejiandaa kulia siku hiyo ikifika. Hata leso alibeba. Badala yake alisikia njaa. Njaa kubwa ya mtu aliyetoka kupona malaria. Alitoka nje, akanunua chapati kwa mama mmoja chini ya kibanda, akala amesimama, akanunua nyingine. "Nataka na chai," akasema, akimtazama yule mama usoni. Sauti yake ilitoka vizuri tu.

Mchana huo huo alirudi nyumbani kuchukua mabaki ya vitu. Urbano hakuwepo. Bibi alikuwa jikoni, amevua gauni la kanisani, ameketi kwenye kigoda, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwa khanga.

"Umelisahau tena," bibi akasema.

Felista alilitambua kwa umbo. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Sijalisahau, mama. Nikilibeba, nani atakusagia karanga?"

Bibi alimkodolea macho. "Hilo ndilo lililokurudisha mara zote mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe!" Bibi alipiga kofi paja lake. "Mjinga wewe! Mimi nilidhani unampenda!"

Walicheka. Walicheka mpaka bibi akashika mbavu na Felista akaketi chini kwenye majivu, machozi yakamtoka, na leso aliyoibeba tangu asubuhi ikapata kazi. Yule bibi alikuwa amepeleka maneno ya watu misimu yote, akijikaza, akidhani anaiokoa ndoa ya watu wanaopendana. Felista naye alikuwa amekaa, akidhani anamwokoa bibi. Kila mmoja alikuwa amemshikilia mwenzake kwa huruma.

"Pale barazani hukunitazama hata," Felista akasema alipopata pumzi. "Nikajua umenichukia."

"Ningekutazama ningelia, na mtu anayelia hasikilizwi." Bibi akamkabidhi jiwe. "Shika. Mimi nina miguu. Soko si Dodoma."

Felista akalibeba mchana kweupe, kichwani, akapita nalo njia kubwa. Watu waliokuwa wameketi vibarazani waliliona. Wengine walimwamkia, wengine wakaguna, lakini hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa bado, na mgawanyo wa shamba ulikuwa bado, na hayo yalimngoja. Usiku huo alilala kama mtoto.

Jiwe kubwa la chini alilipata nyuma ya soko. Mkoa wa Singida mtu anatafuta maji, mawe hayatafutwi.

Siku ya gulio bibi Theodora alikuja, anajikongoja na fimbo yake, karanga kazifunga kwenye pindo la khanga. Felista aliacha vitunguu vyake kwa jirani, akamwingiza ndani, akamketisha kitandani, akapiga magoti. Karanga zilianza kulainika chini ya jiwe la mama yake. Walizungumza habari za Jenipher, za mvua, za ng'ombe wa Antipasi aliyezaa mapacha.

"Baba Jeni hajambo?" Felista akauliza.

"Hajambo. Anajipikia uji, unaungua, anakula. Leo kanituma."

Mkono wa Felista ulisimama juu ya jiwe. Shingo nayo ilianza kugeuka pembeni, kwa mazoea yale yale ya mkekani.

"Anasemaje?"

Bibi alichota karanga zilizosagwa kwa kidole, akazionja kwa ufizi, akafikiri.

"Alisema, mama, mwambie mama Jeni..." Akachota tena. "Nimesahau njiani. Saga, mwanangu, nina njaa."